Betri Nne za Bukasiro

Jumapili saa nne asubuhi, Paddy Owor alikuwa amebakiwa na saa sita. Ikifika saa kumi jioni, saa arobaini na nane za sheria zingekuwa zimekwisha, na Sajini Asio wa upelelezi, kituo cha polisi cha Busia, angelazimika kufanya moja kati ya mawili: kumfungulia mashtaka au kumwachia. Akimfungulia, fundi wa watu angeozea rumande. Akimwachia bila jibu lolote mkononi, watu wa kijiji cha Bukasiro walikwishaapa kwamba wangeimalizia njiani kazi waliyoianza Ijumaa. Jicho la kushoto la Paddy, lililovimba hata likafunga, lilionyesha walikuwa wamefikia wapi.

"Rudia," Asio akasema.

"Afande, nimerudia mara tano."

"Ya sita haitakuua."

Paddy akavuta pumzi. Alikuwa mtu wa Tororo, mwembamba, mwenye vidole vyeusi vya mtu ashikaye nyaya kutwa. "Ijumaa alfajiri musawo Prossy, muuguzi ya zahanati, napiga simu. Nasema umeme ya zahanati imekufa. Mimi natoka Tororo saa ile ile, na pikipiki. Nafika, nafungua chumba ya betri, naona betri nne ya zahanati haiko. Nikapiga kelele. Hiyo kelele ndio imenileta hapa."

"Kufuli ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Funguo?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya mwenyekiti, mama Nasirumbi."

"Na kabla ya Ijumaa, uliingia mle lini?"

"Jumamosi ile ingine. Paa ilikuwa navuja upande wa kulia, maji nadondokea betri ya zahanati. Nikaziba na lami. Lakini sikuamini hiyo lami, afande. Nikasema ikivuja tena, heri ilowe betri ya mashine ya posho, ile ya kusaga unga. Nikahamisha ya zahanati rafu ya kushoto, ya posho nikaweka kulia."

"Ukamwambia nani?"

"Nilipigia mwenyekiti, simu haikushika. Siku hiyo mzee wake alikuwa hoi. Nikaandika kwa daftari yangu. Nilisema nitamwambia nikirudi."

Asio akayaandika hayo kama alivyoandika kila kitu, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Daftari lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo pamoja na ufunguo, koleo na rola ya selotepu nyeusi. Akalipekua hadi kwenye ukurasa wa Jumamosi ile. Paddy alikuwa ameandika namba za betri zote kumi na sita, moja baada ya nyingine, na pembeni rafu ya kila moja.

"Afande," Paddy akasema wakati askari anamnyanyua. "Yule mtoto kweli amekufa?"

"Amezikwa jana."

Paddy akainamisha kichwa, akarudishwa selo bila kuuliza lingine. Asio alimwangalia akienda. Mwizi huulizia dhamana, akawaza. Huyu ameulizia mtoto.

Kwenye korido akapigiwa simu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sajini Ajambo wa Busia ya Kenya alikuwa amesimama mbele ya duka la vyuma chakavu, na nyundo zilisikika zikigonga nyuma yake.

"Asio, usijisumbue kuvuka. Zile betri nne tulizoshika jana si zenu. Hizi ni za lori, tena zimekufa zamani. Nimekusomea namba mara mbili, hakuna inayofanana na zile ulizonipa."

"Una uhakika?"

"Dada, hata yule muuzaji analia. Alifikiri ameuziwa nzima."

Ndivyo ilivyoishia fununu moja iliyompotezea Asio Jumamosi nzima. Akachukua ufunguo na daftari, akatia saini ya vielelezo, akapanda nyuma ya askari wa pikipiki, wakashika barabara ya Lunyo.

Mitambo ya jua ya Bukasiro ilikuwa imejengwa na wenyewe. Hakuna mheshimiwa aliyekuja na mkasi kukata utepe, labda kwa sababu hapakuwa na pesa za kununulia utepe. Mzee Maloba alitoa kipande cha shamba lake la mihogo. Wanawake walibeba kokoto kutoka mtoni. Wavuvi wa Majanji walitoa fungu la samaki wa kila Jumatano kwa mwaka mzima, na waliokuwa hawana kitu walitoa siku zao, wakachimba. Sasa vioo vya bluu vilijipanga pale palipokuwa na mihogo, na kijiji kilikuwa na mashine ya posho, pampu ya maji, barafu ya samaki, na zahanati ambayo mama aliweza kujifungulia bila kuangaziwa tochi ya simu. Watu wa Masinya walikuja kusaga hapo, na Bukasiro hawakuacha kuwatania kwamba wamezoea giza.

Siku hiyo mashine ya posho ilikuwa kimya. Muuguzi Prossy alimkuta Asio mlangoni pa chumba cha betri. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyekosa usingizi.

"Wamesema wewe pia ni mtu wa Tororo," Prossy akasema.

"Ni kweli."

"Wanasema utamwachia mtu wenu."

"Nitamwachia kama hakuiba. Njoo, musawo, tuhesabu pamoja, uwe shahidi."

Kufuli haikuwa na mkwaruzo. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya lami mpya. Rafu ya kulia ilikuwa na betri nane, safu mbili za nne nne, zimekamilika. Rafu ya kushoto ilikuwa na safu moja tu. Ile safu ya mbele haikuwapo. Asio akahesabu kwa kidole, akamfanya Prossy ahesabu naye. Kumi na mbili. Nne zimekosekana, kama askari wa kwanza walivyoandika.

Kisha akachuchumaa, akazitazama zile nyaya zilizoachwa zikining'inia. Alikuwa hajaziona juzi, maana juzi chumba kilijaa watu wenye hasira na kazi yake kubwa ilikuwa kumtoa Paddy akiwa hai. Kila ncha ya waya ilikuwa imevishwa mpira mweusi na kufungwa kwa kamba nyembamba ya mpira huo huo, imekazwa, fundo limefichwa. Nati zote zilikuwa zimewekwa kwenye kopo juu ya rafu. Hakuna hata moja iliyoanguka chini.

"Mwizi gani huyu," Asio akasema, "anayeogopa mtu mwingine asipigwe shoti?"

Prossy akainama kutazama. "Hiyo ni tyubu ya baiskeli."

"Paddy anatumia selotepu. Nani hapa hufunga na tyubu?"

"Kila mtu hufunga na tyubu. Lakini kukata hivi, nyembamba na sawa, ni Isaac. Si ndiye fundi wa baiskeli?" Kisha akasema polepole, "Baba wa yule mtoto, afande. Si yeye."

"Sijasema ni yeye. Nieleze usiku ule."

Prossy akakaa kwenye kizingiti. "Tulikuwa tunamzika mzee Maloba, mume wa mwenyekiti, Alhamisi mchana. Sandra, mke wa Isaac, alikuwa anabeba maji ya wapishi, na mimba ya miezi saba. Nilimkataza. Akasema, baba mkwe anazikwa, nikae kama mgeni? Jioni uchungu ukamshika. Mtoto akatoka mdogo, wa kiume, hapumui vizuri. Nikamwekea oksijeni. Ile mashine ya oksijeni ilikuwa haijawahi kufanya kazi usiku kucha, lakini Paddy alituhakikishia betri nane zinaweza. Na mtoto akapata rangi, afande. Akapata rangi nikaona kwa macho yangu. Sandra akamshika kidole."

"Ikazima saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri. Taa, mashine, kila kitu. Nikachukua ule mpira wa kumpulizia mtoto hewa kwa mkono. Nilipuliza hadi kukapambazuka, hadi mikono ikafa ganzi, mama yake akapuliza, nikapuliza tena. Tukasema tumpeleke hospitali ya Masafu. Tulipofika barabara kubwa alikuwa ameshakwenda." Alijifuta uso kwa pindo la sare yake. "Huyo mwizi, mimi sitaki afungwe. Nataka aje hapa apulize mpira huu usiku mmoja."

Asio akamwachia muda. Naye alikuwa na watoto. Kisha akauliza, "Jumatatu, Jumanne, Jumatano, umeme wa zahanati ulikuwaje?"

"Mzuri. Friji ya chanjo na taa mbili tu, hatukuwa na mgonjwa wa kulala."

Asio akasimama. Friji na taa mbili haziwezi kumaliza hata betri nne. Kwa hiyo betri zingeweza kuondolewa siku yoyote ya juma lile, na hakuna ambaye angejua hadi usiku wa Alhamisi. Wote, naye akiwamo, walikuwa wakitafuta mwizi wa Alhamisi.

Halafu akakumbuka jambo lililomwaibisha. Ufunguo wa pili. Ijumaa alikuwa ameandika: *mwenyekiti yuko matangani, asisumbuliwe*. Alimwonea huruma mjane, akamruka. Huruma hiyo ilimlaza Paddy selo siku mbili.

Nyumbani kwa marehemu Maloba palikuwa mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Moto wa matanga ulikuwa bado unafuka uani, wazee wanne wamekaa kuuzunguka bila maneno mengi. Juu ya waya uliotoka barazani hadi kwenye mti wa mfenesi, balbu kubwa iliwaka katika mwanga wa mchana kweupe. Nyuma ya nyumba palionekana makaburi mawili mapya, moja refu na moja fupi sana.

Mama Nasirumbi alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, ufunguo unaning'inia shingoni kwa uzi.

"Mulembe, mama. Pole kwa misiba."

"Mulembe, mwanangu. Kaa."

Asio akakaa kwenye mkeka, si kwenye kiti alicholetewa. Akaitazama ile balbu. "Mama, taa hiyo inapata umeme wapi?"

"Kwa betri za posho," mjane akasema bila kusita. "Mashine ya posho haisagi kijiji kikiwa na matanga. Kwa hiyo tangu mitambo ianze, nyumba iliyofiwa huletewa safu moja ya betri za posho, watu wasikae gizani. Mzee mwenyewe ndiye aliyeleta shauri hilo kwa kamati. Hakujua ataanza kulitumia yeye."

"Mlizichukua lini?"

"Jumatatu jioni, alipokata roho. Nilimpa Isaac ufunguo. Alizileta kwa baiskeli, moja moja."

"Hukuandika kwenye kitabu cha funguo."

Mama Nasirumbi akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na viatu. "Kitu kikiingia matangani hakiandikwi, mwanangu. Hakihesabiwi, wala mwenyewe hakiulizi, mpaka siku tutakapofagia jivu la moto huo. Ukiuliza, ni kama unaona msiba wa mwenzako umechelewa kwisha. Hata mimi mwenyekiti siwezi. Kwani betri hizi zina neno gani? Zilizoibwa ni za zahanati."

"Zilikuwa ngapi, mama?"

"Nne. Ziko hapo."

Zilikuwa chini ya benchi la baraza, zimefunikwa kitenge zisipigwe na jua. Asio akafunua, akafungua daftari la Paddy, akasoma namba ya betri ya kwanza. Akaitafuta kwenye ukurasa. Ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, na pembeni Paddy alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: zahanati, rafu ya kushoto.

Alibaki amechuchumaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alifahamu sasa kila kitu, na alitamani asingefahamu. Isaac alikwenda kwenye rafu ya kushoto, mahali betri za posho zilipokaa miaka yote, akafungua nati bila kuangusha hata moja, akafunika nyaya ili asiumie mtu. Na usiku ule mtoto wake alipokuwa akitafuta pumzi, betri nane za posho zilikaa rafu ya kulia zimejaa tele, hazina kazi, kwa heshima ya babu yake.

Saa yake ilionyesha saa nane na robo. Akapiga hesabu nyingine, ya aibu kidogo. Angeweza kuandika *mwizi hajulikani*, akafunga faili, Paddy akatoka selo. Lakini Bukasiro wasingekubali. Wangemsubiri Paddy barabarani na mawe, wiki hii au mwezi ujao, na baadaye angelazimika kurudi kupima kaburi la tatu. Hapakuwa na njia ya kumwokoa fundi isipokuwa kupitia kwa Isaac.

Isaac alikuja kutoka upande wa makaburini, jembe mkononi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, na shati lake alilivaa nje ndani. Wazee walishusha macho wasimtazame.

"Afande. Sandra amelala, naomba tuongee kwa sauti ya chini."

"Tutaongea chini. Nataka maelezo yako tu, kaka, kuhusu betri hizi za matanga."

"Za posho? Nilichukua Jumatatu. Mama ndiye alinipa ufunguo."

"Ulizitoa rafu ipi?"

"Ya posho. Kushoto, safu ya mbele."

Asio akaandika. "Ngapi?"

"Nne." Kisha Isaac akaegemeza jembe ukutani, akaanza kufikiri kwa sauti, kama mtu anayetaka kusaidia. "Kwa hiyo huyo Paddy alipoingia alikuta safu ya posho haipo, akachukua na ya zahanati. Alijua watu watachanganya. Hivyo zimetoka nane."

"Isaac, kaa chini."

"Niko sawa."

"Nimehesabu leo, na musawo Prossy amehesabu. Mle chumbani zimetoka nne."

"Nane," Isaac akasema. "Nne zangu, na nne za mwizi."

"Zimetoka nne tu. Wiki moja kabla, Paddy alibadilisha rafu kwa sababu paa lilivuja. Alimpigia mama yako, simu haikushika. Namba ni hizi, ameziandika."

Alimpa daftari. Isaac akalipokea kwa mikono miwili, akainama benchini, akalinganisha namba, betri kwa betri, kama Asio alivyofanya. Alipomaliza ya nne akaanza tena ya kwanza. Mama yake, aliyekuwa amesikia kila neno, alishika ufunguo shingoni akaukata uzi kwa mvuto mmoja na kuutupa uani. Hakulia. Alijifunika kanga kichwa kizima, akaanza kuyumba mbele na nyuma, na wazee kwenye moto wakasimama bila kujua la kufanya.

"Alikuwa na jina," Isaac akasema hatimaye. "Kwenye karatasi zako umeandika mtoto mchanga. Alizaliwa siku tuliyomzika baba, akapewa jina lake. Maloba. Andika."

Asio akaandika.

"Sasa nifunge."

"Isaac."

"Nifunge, afande. Nilikuwa hapa kwenye moto usiku ule. Mtoto wa mwenye msiba haondoki usiku wa kwanza baada ya maziko, ndivyo tunavyofanya. Balbu hii iliwaka hadi asubuhi. Mimi nimekaa chini yake, naimba." Akanyoosha mikono yote miwili mbele, vifundo vimeungana. "Mlimfunga mtu ambaye hakufanya kitu. Mimi nimefanya."

"Sina kosa la kukufungia," Asio akasema, na machozi yalimtoka, akayaacha. "Ulichukua ulichoruhusiwa, mahali ulipoambiwa. Sheria haina kosa hilo."

"Basi kosa analo nani?"

Asio akamsogezea karatasi na kalamu. Mikono ya Isaac ilibaki hewani kitambo, kisha akaishusha mwenyewe, akatia saini maelezo yake pale alipoonyeshwa. Akaenda kwenye baraza, akaifikia swichi, akazima ile balbu. Jivu lilikuwa bado halijafagiwa, na hakuna mzee aliyemkataza.

Asio akajitenga kando ya uzio wa minyaa, akapiga simu kituoni. "Mfungulieni Owor. Mwambieni asitoke getini mpaka nije nimchukue mwenyewe, nimlete huku mbele ya watu." Aliposikia swali la askari wa zamu alifumba macho. "Hapana. Hakuna mwizi. Nitaeleza nikifika."

Alipogeuka, Isaac alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba yake ndogo, kiganja kwenye ubao, haingii. Ndani mtu alijigeuza kitandani.

"Isaac?" Sauti ya Sandra ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelia akakauka. "Huyo ni afande? Amempata?"

"Amempata," Isaac akasema, akasukuma mlango, akaingia.